Askari Aliyekufa Atudai Nini?

Kila mwaka tarehe 14 Oktoba nchi yetu ya Kenya huadhimisha siku ya majeshi yake, ada iliyoanza mwaka 2012, baada ya askari wetu kuingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011. Na kila mwezi wa Novemba mashada ya maua huwekwa penye makaburi ya askari waliokufa katika Vita viwili Vikuu vya Dunia. Baragumu hupigwa, watu husimama kimya kitambo kidogo, kisha kila mtu hushika njia yake.

Nasi watu wa pwani hatukukosa mawe ya ukumbusho. Mbele ya Ngome ya Mombasa lipo jiwe la kumkumbusha Meja Wavell na askari wa Kiarabu aliowaandika katika mji huu, waliouawa pamoja naye huko Mwele, katika nchi ya Kwale, mwezi wa Januari 1916. Na katikati ya mji yapo masanamu ya askari na ukumbusho wa Waafrika waliokufa katika vita vile. Twayapita asubuhi tuendapo kazini, na twayapita jioni turudipo. Lakini ni nani miongoni mwetu awezaye kutaja majina ya watu watatu tu katika wale waliokufa Mwele? Ni nani ajuaye walikuwa wana wa nani, na ya kuwa wajane wao walikula nini mwaka ule?

Hatutaki leo kusema habari ya masanamu. Mas-ala hayo yana mlango wake, nasi hatuufungui hapa. Swali letu ni jingine. Askari aliyetoka katika mitaa yetu akafa vitani, atudai nini sisi tuliobaki? Na yule aliye hai, aliye mpakani usiku huu, atudai nini sisi tuliolala vitandani mwetu?

Katika jambo hili watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lasema: askari amekwisha heshimiwa, kwani jiwe limesimamishwa, hotuba zimesomwa na bendera imeteremshwa nusu mlingoti. Kundi la pili lasema: vita vile havikuwa vyetu, vya kwanza na vya pili vilikuwa vya Mwingereza na adui zake, na hivi vya leo ni vya wakubwa wa serikali, basi sisi hatuna deni kwa mtu aliyekwenda kwa hiari yake akachukua mshahara.

Makundi haya mawili yaonekana kuwa mbalimbali, lakini kosa lao ni moja. Yote mawili hudhani ya kwamba heshima ya askari ni hukumu juu ya vita. La kwanza lavisifu vita, kisha lajiona limemaliza kazi yake. La pili lavilaumu vita, kisha lajiona halina kazi ya kufanya. Na baina yao amesahauliwa mtu mwenyewe, na nyumba aliyoiacha.

Tazameni jinsi sharia yetu ifanyavyo mtu anapokufa. Hutolewa kwanza gharama za kumzika, kisha hulipwa madeni yake, kisha hutimizwa wasia wake, kisha ndipo urathi hugawanywa. Hakuna kadhi amwambiaye mwenye kudai, "Ngoja kwanza tujue kama marehemu alikuwa mtu mwema, na kama safari aliyofia ilikuwa safari ya haki." Deni ni deni. Halingojei hukumu ya mambo mengine. Basi kama haki za watu juu ya maiti zatangulizwa namna hii, je, haki za maiti juu ya watu zafaa kuachwa mpaka tumalize kubishana juu ya siasa?

Sisi twaona ya kuwa askari aliyekufa ana madeni manne juu ya watu wake. Tutayataja moja moja.

Deni la kwanza ni jina lake.

Mwanzo wa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Kilindini pamoja na meli nyingine nne zilizochukua askari, kwenda Colombo katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo chaitwa Sri Lanka. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Katika hao, 996 walikuwa maafisa na askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika ya Mashariki, na waliosalia walikuwa mabaharia, wauguzi wanawake na wengineo. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga meli ile, ikazama kwa muda usiozidi dakika tatu hivi. Walikufa watu 1,297. Waliookoka walikuwa wanaume 208 na wanawake 6. Ardhi ya mwisho waliyoikanyaga wengi wao ilikuwa ni bandari hii yetu, ambayo watoto wetu huivuka kila siku kwa feri.

Askari wale wa mizinga hawana makaburi, kwani kaburi lao ni bahari. Lakini wameandikwa katika ukumbusho ulioko Nairobi kwenye makaburi ya askari, na mtu akitaka kumtafuta babu yake aweza kwenda akamwona pale kwa jina lake.

Sasa linganisheni na vita vya kwanza. Katika vita vile, vya 1914 mpaka 1918, waliokufa zaidi katika nchi zetu hawakuwa wenye bunduki. Walikuwa wapagazi, waliobeba vyakula na risasi vichwani mwao kutoka pwani na bara mpaka mipaka ya Msumbiji. Risasi iliwaua wachache; waliouawa na njaa, homa, na tumbo la kuhara damu walikuwa maelfu kwa maelfu. Mtaa wa Kariokor ulioko Nairobi, na Kariakoo ya Dar es Salaam, yamebaki kuwa kumbukumbu ya kikosi chao. Mtaa una jina, lakini wenyewe hawana.

Haya si maneno ya sokoni. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe, ikakiri ya kuwa watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi na Waafrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Na ya kuwa wengine wasiopungua 116,000, na yamkini wafikao 350,000, hawakuandikwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi katika hao wa mwisho walikuwa watu wa Afrika ya Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akasimama Bungeni, akaomba radhi. Na sababu ya jambo lile ilikuwa nini? Wenye mamlaka siku zile walidai ya kuwa mwenyeji wa Afrika hajafika daraja ya kuelewa thamani ya jiwe la kaburi. Yaani mtu alikuwa na akili ya kutosha kubeba mzigo wa Mzungu mpaka kufa, lakini hakuwa na akili ya kutosha kuandikwa jina!

Tukilaumu dhuluma hii tuna haki ya kulaumu. Lakini baada ya kuwalaumu wageni kwa muda wa miaka mia, na tujiulize wenyewe: sisi tuliyaandika? Misikiti yetu ina madaftari ya michango ya mabusati na mapangaboi. Je, upo msikiti mmoja wenye daftari la majina ya watu wa mtaa waliokwenda vitani wasirudi? Aliyenyimwa jina na mgeni amedhulumiwa mara moja. Aliyesahauliwa na wajukuu zake amedhulumiwa mara ya pili.

Yamepokewa ya kuwa baada ya vita vya Nahawand, zama za Sayyidna Umar (r.a.), mjumbe alimjia akamtajia mashuhuri waliouawa, akiwamo amiri wao Nuuman bin Muqarrin. Kisha akasema kuwa wameuawa na wengine ambao Amiri wa Waumini hawajui. Sayyidna Umar akalia, akasema ya kuwa haiwadhuru wao kutojulikana na Umar, maadamu Mwenyezi Mungu awajua. Wako watu huitumia habari hii kuwa udhuru, wakasema, "Mungu awajua, basi yatosha." Nao husahau mambo mawili. La kwanza, ya kuwa Umar alilia. Hakusema maneno yale huku akipiga miayo. La pili, ya kuwa Umar huyo huyo ndiye aliyeweka madaftari ya askari na ya watu wao, ili kila mmoja afikiwe na fungu lake. Kumtegemea Mwenyezi Mungu kwa asiyejulikana ni imani. Kuacha kumwandika anayeweza kujulikana ni uvivu, na uvivu hauwi imani kwa kuvishwa kanzu.

Deni la pili ni nyumba yake.

Katika mwaka wa nane wa Hijra, vitani Muuta, aliuawa Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume (s.a.w.). Habari ilipofika Madina, Mtume hakuamrisha lijengwe jiwe, wala hakuwaita watu wakale nyumbani kwa wafiwa. Aliamrisha watu wa Jaafar wapikiwe chakula na wengine, kwani wamefikiwa na jambo la kuwashughulisha. Baadaye akawaita watoto wa Jaafar, akamwita kinyozi awanyoe vichwa vyao. Na mama yao, Asmaa binti Umays, alipotaja uyatima wao, akamwambia asiwaogopee umasikini, ilhali yeye ndiye walii wao duniani na akhera.

Angalieni heshima hii jinsi ilivyo. Chakula kilikwenda kwa wafiwa, hakikutoka kwao. Watoto walitazamwa hata vichwa vyao, nalo ni jambo dogo mno ambalo hulikumbuka baba peke yake. Na mjane alipewa ahadi ya mtu atakayesimama, si hotuba.

Sasa sisi twafanya nini? Anapoletwa maiti wa askari katika sanduku lenye bendera, nyumba hujaa watu. Jamaa wa mbali, ambao hawakujua hata watoto wake ni wangapi, huketi siku tatu wakila wali na nyama. Siku ya hitima hununuliwa mbuzi, na ya arubaini hununuliwa ng'ombe. Na fedha zatoka wapi? Aghalabu zatoka katika ile ile akiba aliyoiacha marehemu, ambayo ndani yake mna fungu la mjane na fungu la mayatima wadogo wasioweza kusema "sitaki." Maulamaa wa madhhabi yetu ya Imamu Shafi wameandika wazi ya kuwa wafiwa kuwapikia watu na kuwakusanya ni jambo lisilo asili, na likitoka katika mali ya yatima ni haramu. Kila Mwislamu amekwisha kuisikia aya ya kumi ya Suratun-Nisaa juu ya wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma. Lakini twaisoma katika hitima ile ile, na mchuzi wa yatima ungali vidoleni mwetu.

Hatusemi watu wasimwombee maiti. Dua ni haki yake, na sadaka kwa ajili yake ni jambo jema. Twasema tu ya kuwa anayetaka kumtolea sadaka askari aliyekufa na atoe katika mfuko wake mwenyewe. Na bora kuliko ng'ombe wa siku moja ni karo ya mtoto wake ya mwaka mmoja.

Na yako mambo ya nyumba hii ambayo machozi hayayatengenezi. Mjane huitwa huku na huku kwa karatasi: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, barua ya chifu, vyeti vya kuzaliwa watoto. Pengine ndoa ilifungwa msikitini tu, haikuandikishwa. Pengine ndugu wa marehemu hudai ya kuwa fedha za serikali ni zao. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imezipa mahakama za kadhi uwezo wa kuhukumu mambo ya ndoa, talaka na urathi baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa hapo. Basi mtu ajuaye njia za maofisi, akamchukua mjane mkono mmoja na karatasi zake mkono wa pili mpaka haki yake itoke, huyo amemheshimu askari kuliko aliyepiga mizinga ishirini na moja.

Tena kuna msiba ulio mzito zaidi, nao ni wa yule asiyejulikana kama yu hai au amekufa. Mke wake si mjane wala si mwenye mume. Wanazuoni walilitazama jambo hili zamani sana. Sayyidna Umar alihukumu mke wa mtu aliyepotea angoje miaka minne, kisha akae eda ya kufiwa. Na hukumu hiyo ndiyo iliyoshikwa na Imamu Malik. Imamu Shafi katika kauli yake ya mwisho aliona angoje mpaka ipatikane yakini. Na sheria ya serikali yetu humdhania mtu kuwa amekufa asiposikiwa habari zake kwa miaka saba. Hatutaki hapa kuamua baina ya kauli hizi. Hiyo ni kazi ya makadhi. Lakini twawakumbusha watu ya kuwa mwanamke aliyeketi baina ya milango miwili hivi ahitaji kuelekezwa kwa kadhi mapema, si kuachwa miaka kumi ahukumiwe na ndimi za jirani.

Deni la tatu ni la aliye hai, nalo ni kulindiwa nyuma yake.

Watu wengi hudhani ya kuwa askari asaidiwa na serikali tu, nayo ndiyo impayo bunduki, viatu na mshahara. Lakini Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ametufundisha ya kuwa mwenye kumwandaa anayekwenda vitani ni kana kwamba amekwenda mwenyewe; na mwenye kuwatazama watu wake nyuma yake kwa wema, naye vilevile. Ijapokuwa hadithi hii yasema juu ya vita vya njia ya Mwenyezi Mungu, adabu yake ni pana. Yatuonyesha ya kuwa vita vina pande mbili, mpaka na nyumba, na ya kuwa mtu wa mpakani huvunjika mgongo ikivunjika nyumba yake.

Basi angalia mtaani kwetu. Askari yuko Somalia au katika misitu ya Boni kule Lamu. Mke wake akitoka jioni kwenda kununua dawa ya mtoto, baraza zima lageuza shingo. Akicheka mlangoni asemwa. Akinyamaza, asemwa pia. Jamaa hupokea fedha alizotuma mume, wakampa mke nusu na nusu wakaipa jina la deni la zamani. Mtoto wa kiume hukosa mtu wa kumshika mkono kwenda naye sala ya Ijumaa. Na huyo askari aliye mbali husikia yote haya kwa simu usiku, huku bunduki iko mapajani. Adui hakumfikia bado, lakini sisi tumekwisha mfikia.

Hata wakubwa wa majeshi wana fungu lao katika deni hili. Yamepokewa ya kuwa Sayyidna Umar alimsikia usiku mwanamke akilalamika upweke wa mumewe aliyekuwa vitani. Akaenda kumwuliza binti yake Hafsa ni muda gani mwanamke aweza kustahimili bila ya mumewe, kisha akaweka mpaka: askari wasizuiliwe mbali na wake zao zaidi ya miezi minne, na katika mapokezi mengine miezi sita. Mtawala wa dola iliyotoka Misri mpaka Uajemi hakuona haya kupanga zamu za jeshi lake kwa ajili ya mwanamke mmoja asiyejulikana jina.

Yuko atakayetukatiza hapa aseme: "Ninyi mwatutaka tuwasaidie askari waliokwenda kupigana katika nchi ya jirani zetu, ambao ni Waislamu wenzetu na wengine ni jamaa zetu kwa damu. Je, huko si kuviunga mkono vita?" Swali hili ni zito, na haifai kulidharau. Sisi watu wa pwani tumeyaona maovu ya pande zote mbili. Tumewaona vijana wetu wakidanganywa kwa jina la dini wakaue watu wasio na hatia, na tumewaona vijana wengine wakichukuliwa usiku wasirudi. Mtu wa Mombasa au Lamu hawezi kusema juu ya vita hivi kwa wepesi.

Lakini jawabu letu ni hili. Kumlisha yatima si kupiga kura. Mjane haulizwi mumewe alitumwa na nani kabla ya kupewa maji. Mtu aweza kuona vita ni kosa tangu mwanzo mpaka mwisho, na bado akawa mlezi bora wa watoto wa aliyefia humo. Wala si lazima huruma yetu iishie mpakani: mama wa Kismayu aliyepotewa na mwanawe kwa bomu asilolijua limetoka wapi, msiba wake ni msiba kama wa mama wa Likoni. Mwenye kusema ya kuwa machozi ya mmoja ni halali na ya mwengine ni haramu, huyo hamheshimu askari wala raia. Aheshimu bendera tu.

Na kinyume chake pia ni kweli. Kumpenda askari hakutulazimishi kunyamaza. Hapa ndipo linapokuja deni la nne, ambalo ni gumu kuliko yote, nalo ni kweli.

Turudi katika ile meli ya 1944. Baada ya Khedive Ismail kuzama, waliookoka walikuwa wakielea juu ya maji wakingoja kuokolewa. Ilidhaniwa ya kuwa nyambizi imejificha chini yao. Meli zilizobaki zilikuwa na askari maelfu, na nyambizi ile ikiachwa yaweza kuzipiga nazo. Manowari ya Kiingereza ikapita pale pale, ikadondosha mabomu ya kulipuka chini ya maji, na baadhi ya watu wale waliokwisha okoka na adui wakauawa na mabomu ya upande wao wenyewe. Hatimaye nyambizi nayo iliangamizwa.

Je, nahodha yule alifanya haki? Wapo wasemao alilazimika, kwani aliokoa wengi kwa wachache. Wapo wasemao hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuua mwenziwe mwenye kuelea mbele yake akiomba msaada. Wanazuoni wetu wa kale nao walijadiliana juu ya jahazi lililolemewa na mzigo, na wengi wao wakakataa kutupwa mtu mmoja baharini ili wapone wengine, kwa kuwa nafsi zote ni sawa. Kila mtu na afikiri. Lakini lipo jambo moja lisilohitaji mjadala: mama aliyempa mtoto wake kwa jeshi alikuwa na haki ya kuambiwa alikufa vipi. Kumwambia "alikufa kishujaa" na kuufunga mlango ni kumnyang'anya mara ya pili.

Na mambo haya si ya zamani tu. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya askari wa Kenya iliyoko El Adde, nchini Somalia, ilishambuliwa alfajiri, ikatekwa. Wengi waliuawa. Miezi ikapita, na miaka ikapita, wala serikali haikutoa hesabu kamili ya waliokufa. Watu wakawa wakitafuta idadi katika magazeti ya nchi za nje. Sisi twafahamu ya kuwa vita vina siri zake, na ya kuwa si kila jambo husemwa siku ile ile adui akisikiliza. Lakini siri ya kumlinda askari aliye hai ni kitu kimoja, na siri ya kumlinda mkubwa asiulizwe ni kitu kingine. Ya kwanza ni hekima. Ya pili ni khiyana kwa maiti. Kwani ikiwa kambi iliwekwa mahali pabaya, au onyo lilifika lisisikilizwe, basi kweli ya wafu wale ndiyo kinga ya wale watakaotumwa baada yao. Anayeficha sababu ya vifo vya jana atayarisha vifo vya kesho.

Kwa hivyo mwenye kuuliza, "Askari wetu walikufa vipi, na kwa sababu gani?" si adui wa majeshi. Ni mdai mwenye kudai kwa niaba ya mtu asiyeweza tena kudai.

Basi, ndugu zetu, tufanye nini? Hatutaki maneno haya yaishe kama yanavyoisha mengi, watu wakisema "mashallah, yameandikwa vizuri," kisha wakakunja karatasi wakafungia njugu. Kila msikiti na uwe na daftari moja. Wazee wangali hai waliosikia kwa baba zao majina ya waliokwenda na Keya mpaka Bama, na majina ya waliobeba mizigo katika vita vya kwanza. Kila mzee afapo huzikwa na majina kadhaa. Na yaandikwe kabla hajazikwa. Kila mtaa na uweke ada mpya: jirani wapike, wafiwa wasipike. Imamu atakayekataa kuingia karamu iliyopikwa kwa mali ya yatima, ajapochukiwa na watu siku ile, amefundisha kuliko hotuba kumi. Na wapatikane watu wawili au watatu katika kila mtaa, wajuao kusoma na kuandika barua za serikali, watakaojulikana ya kuwa mjane wa askari akija kwao hatoki bila ya msaada, wala hatoi chochote.

Mambo haya hayahitaji baragumu wala ruhusa ya serikali. Hayahitaji hata tukubaliane juu ya vita. Yahitaji tu tukubali ya kuwa mtu aliyekufa mbali nasi alikuwa ni mtu, mwenye jina, mwenye mlango, na mwenye watoto wanaouangalia mlango huo.

Mawe yatabaki mahali pake, na jua na chumvi ya bahari vitayala kidogo kidogo. Mwenyezi Mungu hatatuuliza juu ya mawe. Yamkini atatuuliza juu ya yatima aliyekaa nyumba ya tatu kutoka msikitini, ambaye baba yake hakurudi, nasi tulikuwa tukimpita mara tano kila siku tukienda kusali.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awarudishe kwa amani walio mbali, na atupe sisi tuliobaki nguvu ya kulipa tunayodaiwa. Amin.